Mfuko Usiofungwa Mdomo

Watu wa Eveleth, mji mdogo wa machimbo ya chuma huko kaskazini kwenye theluji, husema kwamba Irja Lampinen akipewa zawadi huigeuza kwanza atazame upande wa chini. Husema kwa mzaha, ila mzaha huo una mizizi. Aliendesha basi la shule kwa miaka mingi, na watoto waliolipanda, ambao leo wana vipara na wajukuu, hawajasahau macho yake katika kile kioo cha juu. Yalikuwa ya buluu iliyopauka, na yalitazama nyuma kuliko mbele. Hata hivyo basi halikutumbukia mtaroni hata mara moja.

Alipostaafu, macho yale yalikosa kazi. Akayapa vitabu vya katuni.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya marehemu mumewe, Arvo. Tangu utoto alivinunua kwa vijisenti vya kuuza chupa tupu, na hakutupa hata kimoja. Irja aliviona takataka za mtu aliyekataa kukua. Baada ya mazishi alifungua sanduku moja ili apate karatasi za kuwashia jiko, na juu kabisa akakuta jalada lenye wekundu uliokoza kana kwamba limepakwa rangi asubuhi ile. Alikaa sakafuni. Jiko halikuwashwa siku hiyo. Kesho yake alianza kujifunza.

Alijifunza kwa namna aliyoendeshea basi, hamwamini mtu. Akaijua karatasi iliyobaki nyeupe na iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Akaujua ukingo ulionyolewa kwa wembe ili uonekane mpya, maana wembe hukata kwa unyoofu ambao mashine ya kiwanda haikuwa nao. Alijua wino wa kalamu uliofichwa katika mikunjo ya jalada jeusi, na kutu ya pini inayoanza kama doa la chai. Kwenye mnada wa mtandaoni, alikoviuza kimoja kimoja, jina lake lilikuwa safi, na wanunuzi wa mbali, watu asiowahi kuwaona, walimwandikia maneno ya shukrani ambayo aliyasoma mara mbili akitafuta walichokuwa wanataka.

Mara moja tu alitapeliwa. Mtu fulani wa kusini alinunua kitabu kizuri, kisha akakirudisha akidai kimechanika. Kilichorudi kilikuwa na jina lilelile na nambari ileile, lakini hakikuwa chake. Kilikuwa kizee cha mtu mwingine. Waendesha mnada walimwamini yule mtu. Tangu hapo Irja hakufunga wala kufungua kifurushi bila simu kusimama mezani ikirekodi, na kila kitabu alikipiga picha za alama zake za kuzaliwa, doa hapa, pini iliyopinda pale, kama polisi anavyoandika makovu ya mshukiwa.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Rudy Zupancich, jirani wa nyumba ya nyuma, alimwomba waunganishe meko.

Rudy alikuwa mjane pia, mchimbaji wa chuma aliyestaafu, Mslovenia wa kizazi cha tatu, mwenye mikono kama makoleo. Alianza kwa kuondoa theluji kwa koleo mlangoni pa Irja bila kuombwa. Kisha akawa analeta ule mkate wao wa kuviringisha uliojaa njugu za jozi. Baadaye akaingia jikoni na kuanza kukata maboksi ya kufungia vitabu, na ile mikono ya koleo ikawa myepesi juu ya karatasi. Siku ya Krismasi, akiwa anakausha vyombo, alisema bila kugeuka:

"Irja, mimi na wewe tunapasha moto nyumba mbili kwa ajili ya watu wawili. Hii ni akili kweli?"

"Gesi imepanda bei."

"Sizungumzii gesi, mwanamke wewe."

"Najua usiyoizungumzia," Irja akasema. "Nitafikiri."

Alifikiri Januari nzima. Alimtaka. Hilo alilijua kwa jinsi alivyosikiliza koleo lake asubuhi, krash, krash, na jinsi kimya kilivyomsumbua lilipochelewa. Lakini kumfungulia mtu mlango wa mbele ni jambo moja, na kumpa ufunguo wa chumba cha juu, kile chumba baridi na kikavu chenye masanduku ya Arvo, ni jambo jingine. Moyo ulisema ndiyo. Macho yalisema subiri kwanza.

Februari alikitoa kitabu alichokuwa amekiweka kuwa cha mwisho, toleo la kwanza la "Mlinda Mnara," lenye shujaa aliyesimama juu ya mnara wa ziwani, taa mkononi, mawimbi yakimla miguu. Arvo alikipenda kuliko vyote. Paa la nyumba lilikuwa limechoka, na kitabu hiki kingeweza kulilipia.

Rudy alikitazama kwa muda mrefu mno.

"Kumbe ndicho hiki," akasema.

"Ndicho hiki nini?"

"Hiki watu wanachokitafuta." Akatoa simu mfukoni na kukipiga picha.

"Ya nini hiyo picha?"

"Basi tu. Kimependeza."

"Picha ninazo mimi. Nimepiga kila upande."

"Na mimi sasa ninayo moja," Rudy akacheka. "Utanishitaki?"

Irja hakucheka. Alirudisha kitabu katika mfuko wake wa plastiki, wenye kadi ngumu nyeupe mgongoni, akakunja mdomo wa mfuko kwa nyuma bila kuubandika. Hakuwahi kuubandika. Wenye kazi hiyo huiogopa selotepu kama nyoka: siku ya kuvuta kitabu kutoka mfukoni, ule ulimi wenye gundi hulidaka jalada, na kinachochanika hakishoneki. Mdomo hukunjwa tu, ukabaki umelala.

Kesho yake wifi yake Helvi, dada wa Arvo, alikuja kunywa kahawa. Helvi alikuwa mfupi, mnene, na habari za Eveleth nzima zilipita kwake kabla ya kufika kwa wenyewe.

"Wifi, sitaki kuingilia," akasema, akivunja mkate wa iliki.

"Basi usiingilie."

"Nimemwona Rudy wako nje ya duka la vyuma. Yuko na mtu ndani ya gari jeusi, namba za jimbo la Wisconsin. Anamwonyesha kitu kwenye simu. Wameinamisha vichwa hivi, kama kuku wawili kwenye punje moja."

"Mtu gani?"

"Mgeni. Koti zuri. Viatu si vya theluji." Helvi akanywa. "Nami sisemi kitu. Ila mwanamume anayekausha vyombo kwa hiari yake, wifi, ana jambo. Kaka yangu Arvo aliwahi kukausha sahani?"

"Hata yake mwenyewe."

"Unaona! Mtu mwaminifu yule."

Irja alicheka, lakini kicheko kilipokwisha maneno yalibaki mezani kama makombo. Picha kwenye simu. Mtu wa viatu visivyo vya theluji. Na Rudy alijua chumba cha juu. Alijua hata ngazi ipi inalia.

Jioni hiyo alikitoa kitabu chumbani, katika mfuko wake, akakitia kati ya kadi mbili nene na kuzifunga kwa uzi. Akatafuta mahali ambapo mtu wa koleo na jozi asingepafikiria. Hakukipeleka benki, maana benki nako kuna watu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na sauna ya kuogea kwa mvuke aliyoijenga baba yake Arvo kwa magogo, na mbele ya chumba cha mvuke kilikuwepo chumba kidogo cha kuvulia nguo, kikavu siku zote, kinachonukia kuni za mti wa gome jeupe. Huko taulo hazikuwahi kuota ukungu. Waslovenia hawana mazoea ya sauna, na Rudy alikuwa ameingia mara moja tu, akatoka mbio kama kamba wa kuchemshwa, akaapa hatarudi. Irja alikisimamisha kitabu juu ya rafu, nyuma ya sabuni za lami na mablanketi, mbali na jiko. Akalala vizuri.

Mnada wa kitabu, aliokwisha kuufungua mtandaoni kwa zile picha zake, ukaendelea. Jumamosi ikafika, na Jumamosi kwa watu waliozaliwa katika mila ya sauna kama Irja na Helvi haina mjadala. Ni siku ya sauna, kuwe na harusi au msiba. Wakawasha, wakamwaga maji juu ya mawe, wakakaa ndani ya mvuke bila kusengenya mtu, maana waliolelewa vile hukaa saunani kama kanisani. Walipomaliza, Irja alifanya alichofundishwa kabla hajajua kusoma. Aliuacha wazi mlango wa chumba cha mvuke ili mbao zipumue zikauke. Mkono ulifanya wenyewe. Wala hakutazama rafu.

Jumapili dau lilipanda mpaka Irja akashika ukingo wa meza. Aliyeshinda alikuwa Bi Consuelo Barrientos wa Tucson, huko jangwani, mwalimu wa zamani aliyeandika kwamba kaka yake alikuwa nacho hicho kitabu kabla hajaenda vitani, na kwamba angependa kukishika tena kabla naye hajaondoka.

"Maneno matamu," Irja akajisemea, akayasoma mara ya pili.

Jumatatu alikitoa saunani gizani, kabla Rudy hajaamka. Kadi zilikuwa bado zimefungwa kwa uzi, naye hakuzifungua. Picha zilishapigwa, na kila mara unapokishika kitabu cha namna hiyo unakiibia siku moja ya maisha. Alifunga boksi mbele ya simu inayorekodi. Lakini baridi ya asubuhi ile ilikuwa imeliua gari lake. Aligeuza ufunguo, likakohoa, likanyamaza.

"Lete, nipeleke mimi," Rudy akasema kutoka upande wa pili wa theluji. "Posta ni njia yangu."

Angemwambia nini? Alimpa. Alimwona akiliweka boksi kwenye kiti cha mbele na kulifunga mkanda, kama mtoto. Kisha akakaa dirishani. Posta ya Eveleth si mbali, mtu huenda na kurudi kahawa haijapoa. Kahawa ilipoa. Akaimwaga, akapika nyingine, nayo ikapoa.

"Ulipitia wapi?" akamuuliza aliporudi.

"Mjini."

"Posta ndiko mjini."

"Basi nilipitia mjini kwingine," Rudy akasema, akampa risiti. Masikio yake yalikuwa mekundu. Inaweza kuwa ni baridi.

Ujumbe kutoka Tucson ulifika wiki iliyofuata, Helvi akiwa mezani na Rudy akiwa analinoa koleo lake barazani. Bi Consuelo aliandika kwa adabu. Kitabu si kile cha picha. Kurasa zimejikunja mawimbi, jalada limevimba kando ya mgongo. Alikuwa akikirudisha, na alitumaini kuna maelezo.

"Mwizi!" Irja akasema. "Na kaka wa vitani! Amebadilisha, kama yule wa kusini."

"Au," Helvi akasema polepole, "kile kizima hakikumfikia hata siku moja. Nani alikibeba, wifi?"

Nje, jiwe la kunolea likasimama. Rudy alikuwa amesikia. Alifungua mlango akaingia, theluji mabegani.

"Uliza," akamwambia Irja. "Usinitazame kwa kioo kama mtoto wa basi. Uliza."

"Ulikipigia nini picha?"

"Nilikwambia."

"Yule mtu wa Wisconsin?"

Rudy akamtazama Helvi, kisha akamrudia Irja. "Ni jambo langu."

"Na siku ile posta? Kahawa mbili, Rudy. Kahawa mbili zimepoa nakungoja!"

"Ni jambo langu vilevile."

"Kitabu changu ndicho jambo lako?" Sauti yake ilipanda mpaka ikamshtua mwenyewe. "Amekulipa kiasi gani?"

Rudy akavua glavu alizokuwa amefumiwa na Irja msimu ule, akaziweka mezani sambamba, kidole kwa kidole, akatoka. Koleo alilisahau barazani. Siku zilizofuata theluji ilianguka, na hakuna aliyeigusa.

Kifurushi kilirudi. Irja alikuwa peke yake. Alipanda nacho chumba cha juu kwenye mwanga mzuri, akaisimamisha simu, akabonyeza kurekodi, na akazungumza nayo kama anavyoongea shahidi.

"Nafungua. Muhuri haujaguswa. Hiki hapa kilichorudishwa." Akaziweka picha zake kando ya kitabu. "Taa ya Mlinda Mnara, upande wa kushoto, lipo tone la wino mwekundu lililodondokea nje ya mstari." Akainama. "Hapa lipo." Sauti ikapungua. "Pini ya chini imepinda kulia. Imepinda. Kona ya nyuma, ukucha wa mtoto umebonyeza." Ukucha wa Arvo. Ulikuwepo.

Kilikuwa chake. Kimejikunja, kimevimba, lakini ni chake. Mama wa Tucson hakubadilisha kitu. Rudy naye hakubadilisha kitu. Basi nani? Akakinyanyua kukitazama kwa ubavu, na ndipo pua ilipopata lililoyapita macho. Katika chumba kile kisichonukia kitu ila karatasi ya zamani, kilipita kitu kingine, chepesi, kitamu. Moshi wa mti wa gome jeupe, na sabuni ya lami. Nyumbani kwake harufu hiyo ilikuwa ndiyo hewa yenyewe, asingeisikia hata angeitafuta. Lakini kitabu kilikwenda jangwani kikarudi, na kilirudi nayo kama mgeni.

Aliuona mlango. Aliuona mkono wake ukiuacha wazi, na mvuke ukitoka taratibu kwenye mbao, ukipanda mpaka rafuni, ukitafuta pa kuingia, ukaukuta mdomo wa mfuko umekunjwa tu, umelala, haujafungwa.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Aliitazama. Mkono ulinyooka kuizima, kisha ukarudi mapajani.

"Ni mimi," akaiambia. "Nilikificha saunani. Nilikuwa namwogopa mtu. Bi Consuelo, nilikutukana jikoni kwangu, nisamehe. Pesa zako zinarudi leo, na kitabu, ukikitaka kama kilivyo, ni chako bure. Mimi sistahili kukiuza." Akaituma rekodi hiyo Tucson hivyohivyo, na makamasi yake yote.

Kisha akavaa buti, akachukua zile glavu mezani, akakata theluji mpaka nyumba ya nyuma, magoti yakizama.

Rudy alifungua mlango nusu.

"Hakuna aliyekiiba," Irja akasema kabla hajasalimu. "Kimepigwa na mvuke. Nilikiweka saunani."

"Saunani?" Alisahau hasira kidogo kwa mshangao. "Karatasi? Mwanamke mwenye akili zako?"

"Nilikuwa nakificha."

"Unamficha nani?"

Hapa ndipo palipokuwa pagumu, na Irja hakupazunguka. "Wewe."

Rudy alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo si jikoni ulipoanza kunishuku. Siku zile nakata maboksi, nakula mkate wako, tayari nilikuwa mwizi."

"Ndiyo."

"Ungenidanganya kidogo, angalau."

"Nimechoka kuwa na hila, Rudy. Nimekuja kukwambia ndiyo. Lile la Krismasi. Kama bado lipo."

Upepo ulizungusha theluji kati yao. Rudy alizitazama glavu mkononi mwa Irja.

"Na yule mtu wa gari jeusi?" akauliza. "Hutaki kujua? Kwa sababu sitakuambia. Si dhambi, si pesa zako, si mwanamke. Ni jambo langu, na litabaki langu. Utaweza kuishi nalo ndani ya nyumba?"

Irja alifungua kinywa. Maswali yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno kama watoto mlangoni pa basi, kila mmoja akisukuma.

"Ulimi unaniwasha," akasema.

"Naona."

"Siulizi."

Rudy alimtazama kwa muda, naye kwa mara ya kwanza ndiye aliyekuwa na macho ya kuchunguza. Kisha akanyoosha mkono kuchukua glavu, akavaa moja, akampa nyingine. "Basi vaa hiyo. Umetoka bila zako, mwehu wewe."

Wanaishi nyumba moja sasa, ile ya Irja, ingawa paa linavuja bado. Bi Consuelo alikichukua kitabu na mawimbi yake, akaandika kwamba kinamnukia kambi aliyowahi kulala na kaka yake utotoni. Irja aliisoma barua hiyo mara moja tu, kwa kujilazimisha. Chumba cha juu kina funguo mbili. Wifi Helvi bado anakuja Jumamosi, na bado haingilii.

Wapo wanaodhani Irja ameshaambiwa habari za gari jeusi. Hajaambiwa. Yapo majira, akiosha vyombo na Rudy akikausha, gari geni linapita barabarani na swali linampanda kooni kama kwikwi. Anashika glasi, anakunywa maji, polepole, mpaka lishuke.